Kabla Hujapakua Gemu kwa Sababu ya Uzuri Wake

Wageni wengi kwenye gemu za mtandaoni huuliza kwanza ipi ina picha kali. Nazungumzia zile unazounda mhusika wako na kumkuza kwa miezi, ndani ya ulimwengu wenye maelfu ya watu wengine. Sijawahi kusikia mgeni akiuliza ipi itamfanya arudi mwezi wa nne. Nimekaa humu miaka mingi na kupokea wageni kwenye vikosi kadhaa vya wachezaji. Wanaokuja kwa ajili ya picha peke yake huja kwa kelele na kuondoka kimya kimya, kwa hiyo haya ni bora uyasikie mapema, bando lako likiwa bado lipo.

Jicho huzoea. Mji uliokufanya usimame upige picha siku ya kwanza, wiki ya tatu unaukatiza mbio kwenda sokoni, macho yako yakiwa kwenye ile ramani ndogo ya pembeni. Wachoraji hawana kosa. Kazi yao ni kukuingiza ndani, na wanaiweza. Baada ya hapo swali ni kama kuna lolote la kufanya linalokudai akili, au mtu anayekungoja. Gemu ya kwanza ya aina hii, MUD, iliandikwa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978, na haikuwa na picha hata moja. Ilikuwa maandishi matupu kwenye skrini, na watu walikesha nayo.

Mfano ninaoupenda ni Final Fantasy XIV. Kampuni ya Square Enix ya Japani iliitoa Septemba 2010 ikiwa nzuri kwa macho kuliko karibu kila mshindani wake wa wakati ule, na ikaanguka vibaya. Naoki Yoshida, aliyekabidhiwa kazi ya kuifufua, alikuja kueleza hadharani kwamba ndani yake mlikuwa na vyungu vya maua vilivyochorwa kwa poligoni nyingi sawa na za mhusika wa mchezaji, kama elfu moja hivi. Poligoni ni vile vipande vya pembe ambavyo kompyuta huviunganisha kupata umbo. Mashine zilitaabika kuchora vyungu, na idadi ya watu walioweza kuonekana pamoja kwenye skrini ikabanwa. Yaani ua lilipewa nafasi ya jirani yako! Seva zilizimwa Novemba 2012, gemu ikajengwa upya, na iliyorudi Agosti 2013 ndiyo inayochezwa hadi leo.

Ukiianza, leveli ya 15 utapelekwa Sastasha, pango la baharini lililojaa matumbawe ya rangi. Siku hizi unaweza kuingia na wahusika wanaoendeshwa na kompyuta, lakini nakushauri uingie na watu. Mnakuwa wanne: mmoja wa kubeba kipigo, mmoja wa kutibu, wawili wa kushambulia. Karibu na mwanzo kuna karatasi yenye damu inayotaja rangi ya tumbawe, nyekundu, buluu au kijani, na rangi hiyo hubadilika kila mnapoingia. Kwa hiyo hata aliyekwisha kupita mara mia inabidi aisome au amwulize aliyeisoma. Mnagusa tumbawe lenye rangi hiyo, anajitokeza mnyama anayeitwa Chopper, mkimshinda njia inafunguka. Mwisho wa pango kuna bosi, yaani adui mkuu, anayeitwa Denn, na chumbani mwake mna matundu manne yenye vyuma. Tundu likianza kutoa mapovu, lazima mtu akimbie akalizuie, la sivyo wanapanda wasaidizi wake na anayetibu anazidiwa.

Sasa chunguza nani anaona nini. Mtabibu haoni pango. Anaona mistari minne ya uhai na anakokotoa nani atafariki kwanza. Anayebeba kipigo anatazama migongo ya maadui. Matumbawe yaliyowagharimu wachoraji muda wote ule yanatazamwa kwa makini mara moja tu, pale rangi yake inapokuwa na kazi. Hapo ndipo uzuri na kina vinapokutana, na katika gemu yoyote mpya utakayoijaribu, tafuta sehemu kama hiyo: je, nilichokiona kimebadilisha nilichokifanya? Ukicheza saa nzima bila kupata hata sehemu moja ya namna hiyo, basi ulikuwa unatazama sinema huku unabonyeza vitufe.

Upande wa pili kabisa kuna Old School RuneScape ya kampuni ya Jagex, iliyoko Cambridge. Ni nakala ya RuneScape ilivyokuwa mwaka 2007, iliyorudishwa Februari 2013 baada ya wachezaji kupiga kura. Kusema kweli ni mbaya kwa sura. Nyuso hazina pua ya kueleweka, miti ni pembetatu. Lakini tazama kazi yake ya kwanza kabisa kwa mgeni. Mpishi wa ngome ya Lumbridge anataka yai, maziwa na unga kwa ajili ya keki ya bwana wake. Unga unausaga mwenyewe. Unachuma ngano shambani, unapanda nayo hadi ghorofa ya juu ya kinu, unaimimina, unavuta mtambo, unashuka hadi chini na chungu chako mkononi, ndipo unapata unga. Hakuna picha ya kusisimua popote hapo, lakini ukimaliza unajua kinu kiko wapi, ng'ombe wako wapi na mto unapita wapi. Mahali pamekuingia kichwani kwa miguu. Wengine wetu tumecheza gemu za kifahari kwa miezi bila kuweza kumwelekeza mtu sokoni, kwa sababu kuna mshale unaotuongoza kila hatua. Gemu ikikuruhusu kuuzima mshale huo, uzime. Ukishindwa kwenda popote bila mshale, jua kwamba ulimwengu huo ni pazia tu.

Gemu hiyohiyo itakupima uvumilivu. Kufikisha leveli ya 99 katika ujuzi mmoja kunataka pointi 13,034,431, na ukifika 92 ndiyo kwanza umefika nusu ya njia. Mgeni akisikia hivyo hucheka, kisha unamkuta baada ya mwaka anavua samaki huku anapiga soga na watu sita. Usidhani kila urefu ni kina, hata hivyo. Kurudia jambo moja mara elfu kumi ni kurudia tu. Kinachookoa hali hapa ni kwamba samaki wake mtu mwingine anawanunua awale vitani, na kwamba nyongeza kubwa kwenye gemu hupigiwa kura na wachezaji wenyewe.

Najua wengi wenu mtakwenda Black Desert hata niseme nini, kwa hiyo niiongelee kwa haki. Pearl Abyss ya Korea Kusini waliitoa nyumbani kwao mwishoni mwa 2014, ikafika Ulaya na Marekani Machi 2016. Ile sehemu ya kuunda mhusika peke yake inaweza kukumalizia usiku: unavuta taya, unapunguza kope, unazungusha nywele unywele kwa unywele. Matangazo yake yote ni upanga, mwanga na vumbi. Kwa maoni yangu vita ndiyo sehemu yake nyepesi, maana maadui wa mwanzo huanguka kwa makundi bila kukuuliza swali lolote. Kina chake kiko kwenye biashara, mahali ambapo hakuna tangazo linaloonyesha. Unawekeza kwenye vituo vya ramani, unaviunganisha mji kwa mji, unaajiri vibarua wa kuchimba na kukata mbao. Vibarua hao huchoka, na nguvu zao hurudi kwa bia, kwa hiyo unalima au unanunua nafaka, unachanganya na maji, sukari na chachu, unapika bia yako mwenyewe. Ukishajikuta unapanga bei ya nafaka kwa ajili ya kiu ya mchimba madini, umezama, na wala hukumbuki taya ya mhusika wako inafananaje.

Lakini gemu hiyo ina mtego wake kwenye kuimarisha silaha. Kila jaribio ni bahati nasibu, na huko juu, ukikosa bahati, silaha inaweza kushuka daraja. Watu wazima wamegombana na familia kwa jambo hili. Pia ina uvuvi wa kujiendesha, unaoacha mashine inawaka usiku kucha huku umelala. Ndiyo, unaingiza fedha za gemu, ila umeme wa LUKU nao unahesabu.

New World ya Amazon sitakaa nayo sana. Ilitoka tarehe 28 Septemba 2021, na siku zilizofuata zaidi ya watu 900,000 walikuwa ndani kwa wakati mmoja kupitia Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Misitu yake ilikuwa ya kupendeza kweli, na shoka likigonga mti ulilisikia toka ng'ambo ya bonde. Ndani ya miezi michache walio wengi walishaondoka. Oktoba 2025 Amazon ikatangaza kwamba haitaitolea maudhui mapya tena.

Kuhusu pesa, Genshin Impact ndiyo darasa. Kampuni ya Kichina ya miHoYo iliitoa Septemba 2020, inachezwa hata kwenye simu, na kwa macho sijui nani wa kuishinda. Ukiicheza peke yako bila kulipa ni zawadi kubwa, na milima yake inapandika kila upande, kwa hiyo uzuri wake unao kazi. Tatizo linaanza unapompenda mhusika fulani. Wahusika hupatikana kwa kuchota bahati, na michoto ya ziada hununuliwa kwa pesa halisi. Wa nyota tano amehakikishwa ifikapo mchoto wa 90, lakini huenda akawa si yule unayemtaka, na ukikosa hivyo mbio zinaweza kufika 180. Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilifikia mapatano na wasambazaji wake ya dola milioni 20, na wakazuiwa kuwauzia walio chini ya miaka 16 masanduku hayo ya bahati bila idhini ya mzazi. Ushauri wangu: usiweke kadi wala namba ya simu ya malipo mwezi wa kwanza, katika gemu yoyote. Mwezi wa kwanza ni wa jicho, na jicho ndilo linalonunua mavazi.

Sehemu ambayo wageni wa kwetu huisahau ni umbali. Seva za gemu hizi nyingi ziko Ulaya, Marekani na Asia, na amri yako inapita baharini kwa nyaya kama SEACOM na EASSy. Mei 2024 nyaya hizo zilipokatika, Tanzania, Kenya na jirani zao waliona intaneti ikitambaa, na wenye vita usiku ule walikufa wakiwa wamesimama. Hata siku njema, kutoka Dar au Nairobi hadi seva ya Ulaya na kurudi, jibu mara nyingi huchukua zaidi ya milisekunde 150. Kwa hiyo angalia mapigo ya gemu kabla ya picha zake. RuneScape hukokotoa mambo yake kila sekunde 0.6, na kuchelewa kwako kunamezwa humo. Final Fantasy XIV huachia takriban sekunde 2.5 kati ya shambulio kuu moja na jingine, nayo inavumilika. Black Desert inataka ukwepe upanga sasa hivi, na hapo mwenzako aliyeko Frankfurt atakuonea kila siku. Huwezi kuzama kwenye ulimwengu unaokujibu umekufa kabla hujaona ulichopigwa nacho.

Ukiwa na kazi na watoto, Guild Wars 2 inastahili kuangaliwa. Haina ada ya mwezi, gemu ya msingi ni bure, na leveli ya mwisho imebaki 80 tangu 2012, kwa hiyo ukipotea miezi mitatu vifaa vyako bado vina thamani. Rangi zake ni za brashi ya mchoraji, hazijazeeka vibaya.

Na kama unataka kina kisicho na huruma, kuna EVE Online ya Iceland, ya tangu 2003. Anga yake inapendeza, lakini utakaa kwenye orodha na majedwali. Mwaka 2022 wenyewe walitangaza kuiunganisha na Excel, na haikuwa utani. Januari 2014 kundi moja lilishindwa kulipia umiliki wa mfumo wa nyota uitwao B-R5RB kwa wakati. Ikazuka vita ya saa zipatazo 21, na meli za angani 75 za aina ya Titan, ambazo kuijenga moja huchukua wiki nyingi za kazi ya watu wengi, zikateketea. Bili moja haikulipwa, basi. Simshauri mgeni aanzie hapo.

Aanzie wapi? Majaribio ya bure ya Final Fantasy XIV hayana kikomo cha siku na yanakufikisha leveli ya 70, ingawa yanakunyima soko na kujiunga na vikosi vya kudumu. Chagua kutibu au kubeba kipigo, kwa kuwa wa kushambulia ni wengi na foleni yao ni ndefu. Ukifika Sastasha, kabla ya hatua ya kwanza, andika kwenye gumzo kwamba ni mara yako ya kwanza. Usione haya. Gemu yenyewe imeshawaarifu wenzako kuwa kuna mgeni, na itawapa zawadi ya ziada kwa kumaliza pamoja nawe, kwa hiyo wengi wao watasimama kukusubiri usome ile karatasi yenye damu.