Mzee kaliita shairi langu guni mbele ya watu

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 23, naishi Tanga. Kwenye harusi ya dada yangu nilighani shairi nililotunga mwenyewe, mara yangu ya kwanza mbele za watu. Nilipomaliza, mzee mmoja anayesifika mtaani kwa utunzi akasema kwa sauti, "Hili guni." Ukumbi ukaangua kicheko. Binamu yangu naye akaandika kwenye grupu la familia kwamba nijifunze kupika kwanza. Tangu siku hiyo sijaandika hata mstari. Niache? Nimekuambatishia ubeti wa kwanza. – Aliyetahayari*

Marahaba, mwanangu. Ubeti wako nimeuhesabu kwa vidole, kama tulivyofundishwa. "Shemeji umtunze dada": she-me-ji-u-m-tu-nze-da-da. Mizani, yaani silabi, ni tisa badala ya nane. Wewe hiyo "m" umeibana pamoja na "tu", ndiyo maana ukapata nane, kumbe peke yake ni mizani. Ondoa "u" tu, useme "Shemeji mtunze dada", nane kamili. Utao wako, yaani kipande cha pili cha mstari, "asije ona upweke", hauna dosari.

Sasa hilo neno lililokunyima usingizi. Guni ni jina la kazi, kama fundi cherehani anaposema mshono umepinda. Shairi lililokosea vina au mizani ndivyo liitwavyo. Kosa la mzee ni kulitamka ukumbini, bibi harusi amekaa pale mbele, badala ya kukuita pembeni. Hapo namlaumu. Lakini mizani moja tu imezidi, naye kaisikia katikati ya vigelegele! Sikio la namna hiyo mimi ningelifuata hadi barazani kwake.

Binamu yako hajasema lolote juu ya shairi. Usimjibu. Ya mapishi mtayamaliza Idi.

Pengine utaniuliza, kwa nini usiviache vina na mizani kabisa? Unaweza. Mshairi Euphrase Kezilahabi aliviacha katika diwani yake, Kichomi, mwaka 1974, na ubishi wa kama yale ni mashairi au la ulichukua miaka. Leo anasomwa vyuoni. Ila yeye aliacha kwa kukusudia. Wewe ulikuwa unahesabu, hesabu ikakuponyoka.

Hadithi yangu ya kwanza mhariri aliirudisha imejaa wino mwekundu. Niliifungia kabatini miezi minane, na kila nikipita hapo kabatini namsonya. Nilipoitoa, nikaona nusu ya wino ule ulikuwa na haki. Nusu nyingine nabishana nayo mpaka leo.

Nenda kwa mzee baada ya Alasiri, kahawa ikiwa bado ya moto. Usimwombe radhi, wala usimdai radhi. Msalimie, kaa, umghanie ubeti wa kwanza ulivyourekebisha, kisha umghanie mwingine ambao hajausikia.