Diploma ya uuguzi hadi uzamili, ukiwa Kisumu

Dada unayetaka kujua njia ya kufika uzamili, na diploma ya KRCHN (muuguzi msajiliwa wa afya ya jamii) pekee huingii uzamili wa uuguzi moja kwa moja; maliza kwanza BScN, yaani shahada ya kwanza ya uuguzi, ya kujiendeleza. Kama unachotaka ni ujuzi wa wodini, mimi ningechagua diploma ya juu ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba: uuguzi wa figo, au wa wagonjwa mahututi. Kabla ya kulipa karo, thibitisha kwa Baraza la Wauguzi kwamba kozi imeidhinishwa. Leseni nayo isikuishie masomoni.

Uzamili mara nyingi hukwama kwenye tasnifu, si darasani. Pata kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, kisha cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, ndipo ukusanye data. Data iliyotangulia kibali hukataliwa. Ruhusa ya masomo iombe kaunti mapema, kwa maandishi, na usome mkataba wa kurudi kazini kabla ya kutia sahihi.