Shangazi, gunia langu limegeuka unga

Barua za mwezi huu nimezisoma zote na karibu zote zinalia kitu kimoja, Juni chakula kilikuwepo, Januari hakipo. Kuna wanaodhani shangazi ni wa mambo ya mapenzi tu, haya leo tuongee stoo.

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi niko Kongwa, mwaka huu nilivuna gunia sita za mahindi nikajisemea safi sana, sinunui unga mpaka mavuno mengine. Niliyaweka kwanza darini juu ya jiko na maganda yake kama miezi miwili hivi, ndivyo alivyokuwa anafanya marehemu bibi, halafu nikapukuchua nikatia dawa ya dukani. Mwezi wa kumi naenda kushika gunia naona limelegea, nafungua nakuta unga umejaa chini na punje zimetoboka kama chujio. Jirani anasema ni Skania. Nilikosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, hiyo harufu ya unga wa wadudu naijua, haitoki puani wiki nzima. Jirani yako yuko sahihi. Fukusi wa kawaida anatoboa punje lakini unga anaouacha ni kidogo, ukikuta unga umemwagika kama pale fundi seremala amemaliza kukata mbao basi huyo ni dumuzi, ndo huyo tuliyempa jina la lori. Kwao ni Amerika ya Kati, hapa kwetu alianza kuonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 akasambaa nchi nzima. Kwahiyo bibi yako hakuwa na kosa lolote, enzi zake huyu mdudu hakuwepo, dari na moshi vilimtosha. Kosa ni sisi kuendelea na dari ya bibi wakati mdudu amebadilika. Dumuzi anapenda sana hindi likiwa bado kwenye gunzi maana punje zimeshikana hazichezi, anapata pa kujishikilia wakati anatoboa. Ile miezi miwili ya darini ndo ulimkaribisha mwenyewe, wakati unatia dawa tayari alikuwa ndani ya punje anataga.

Mwakani yakikauka shambani usiyalaze, menya, pukuchua, anika juu ya turubai, sio kwenye udongo. Kujua kama yamekauka wengi tunang'ata kwa jino na jino linadanganya. Chukua chupa ya kioo kavu kabisa, weka chumvi kavu vijiko vitatu, jaza mahindi mpaka theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa nguvu dakika chache halafu iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa rudisha mahindi juani, ikirudi chini yote mahindi yako tayari. Hii usiiruke hata kama una haraka, mahindi mabichi ndani ya mfuko yanaota ukungu, na ukungu huo ndo unaoleta sumukuvu iliyoua watu huku Dodoma na Manyara mwaka 2016. Sumu hiyo haitoki kwa kupika, wala usiseme basi hayo mabovu nitawapa kuku, nao inawaua.

Kuhifadhi mi nakushauri mifuko ile ya PICS, wengine wanaiita kinga njaa, ina nailoni mbili ndani na kiroba nje. Kabla ya kujaza puliza hewa kwenye kila nailoni kama puto uone kama ina tundu, jaza, kamua hewa, sokota shingo uikunje na ufunge kila tabaka peke yake kwa kamba. Dawa haihitajiki, wadudu waliomo wanamaliza hewa wanakufa. Panga juu ya chaga mbali na ukuta na mpige vita panya, maana panya akitoboa mara moja tu kazi yote imekwisha. Na usifungue fungue! Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa nafungua kila Jumamosi "nione tu wanaendeleaje", nilikuwa nawapelekea hewa wadudu kwa mikono yangu mwenyewe, gunia likaliwa na nikamlaumu muuzaji wa mifuko wee mpaka aliponiuliza mama unafungua mara ngapi, nikanyamaza. Fungua mfuko mmoja wa kula, uliobaki uguse zamu yake ikifika.

Halafu tupige hesabu kidogo. Gunia sita za kilo mia ni kilo 600. Nyumba inayokula kilo mbili za dona kwa siku inamaliza kilo 60 kwa mwezi, kwahiyo hata Skania asipogusa punje unafika miezi kumi, kuanzia Juni mpaka Machi mwishoni, na hapo mahindi mabichi yanakuwa yameanza shambani. Inatosha, lakini kwa kubana, na hapo sijaweka wageni wa Krismasi wala ukikoboa sembe. Sasa mwenye gunia sita anayeuza mbili mwezi wa sita bei ikiwa chini ili akanunue mbili hizo hizo mwezi wa kwanza bei ikiwa juu, hapo shangazi sina dawa. Panda mtama au uwele kidogo pembeni, mvua yetu ni ya msimu mmoja na mahindi yakidanganywa na mvua ya Januari mtama unavumilia.

SWALI: Shangazi mimi natokea Tanga nimeolewa Ugogoni. Masika mboga za majani zipo hadi zinatupwa, kiangazi hakuna kitu. Mama mkwe anakausha mlenda na majani ya kunde mwaka mzima anakula, mimi nikikausha yanakuwa kahawia yananuka kama nyasi kavu na yeye anacheka tu. Siri ni nini?

JIBU: Siri ni kwamba wewe unaanika juani. Jua kali linaunguza rangi na vitamini A inaondoka nayo. Chuma majani ya kunde yakiwa machanga asubuhi, osha, maji yachemke kweli kweli na chumvi kidogo, yatumbukize dakika mbili au tatu tu, opoa, chuja, tandaza kwenye ungo au wavu kivulini penye upepo, funika na kitambaa chepesi nzi wasikae. Geuza geuza. Yakivunjika mkononi kwa sauti kama chipsi yamekauka, yakijikunja tu bado. Weka kwenye ndoo yenye mfuniko, mahali pa giza. Mlenda wenyewe mwache mama mkwe akuonyeshe, ukikauka unatwangwa, siku ya kupika unatia kwenye maji yanayochemka na magadi kidogo sana na karanga za kusaga, ugali wa uwele pembeni, utasahau samaki wa Tanga kwa nusu saa hivi. Na wewe usiende mikono mitupu, maembe mabichi ya Novemba mtengenezee achari ya kwenu, chumvi, pilipili, ndimu na siki, uone nani atacheka. Wasukuma nao wana michembe, viazi vitamu vinavyokatwa vibichi na kuanikwa, na matobolwa ambavyo vinachemshwa kwanza. Kwangu matobolwa ndo mshindi, asubuhi na chai, sihitaji mkate.

SWALI: Kuku wangu wa kienyeji Singida wanafika arobaini, ikifika Septemba wanabaki watatu. Kila mwaka. Nimelogwa?

JIBU: Hujalogwa baba, huo ni mdondo na kiangazi ndo msimu wake. Kinyesi cha kijani, shingo inapinda, wanakufa kwa siku mbili tatu, si ndiyo? Ukishaingia bandani hakuna dawa ya kuutibu, kwahiyo acha kuwapa mwarobaini na muone mtu wa mifugo wa kata, aulizie chanjo ya matone ya I-2. Ni tone moja kwenye jicho moja kwa kila kuku, mkubwa kwa kifaranga, unarudia kila miezi mitatu, na unachanja wakiwa wazima. Chupa moja inachanja kuku wengi kuliko ulionao, changeni majirani watano mchanje siku moja jioni wakiwa wameingia kulala, maana kuku wa jirani asiyechanjwa ndo anauleta. Anza Julai usisubiri wa kwanza afe, na tarehe uiandike kwa mkaa ukutani mwa banda, kwenye simu utaisahau.