Kwa nini duka linaacha kuuza Moto Guzzi ilhali wenye nayo wanaipenda

Mkuu, umeuliza mbona duka ulilonunulia pikipiki yako ya V7 huko Marekani limeacha kuagiza Moto Guzzi, chapa ya Italia inayoitengeneza, na kama wenye duka wamegundua ubovu ambao wewe hujaambiwa. Jibu fupi ni kwamba pikipiki haina shida. Shida ni siku inazokaa shorumu. Anayesimama upande wa pili wa kaunta hahesabu idadi ya pikipiki alizouza kabla hajahesabu siku.

Pikipiki unazoziona zimepangwa pale, kwa kawaida mwenye duka bado hajazilipia. Mzigo unapotoka kwa msambazaji, anayelipa ni kampuni ya mikopo, na duka linabaki na deni kwa kila namba ya chesisi. Mwanzoni mara nyingi kuna kipindi cha kutolipa riba. Kikiisha, riba inaanza kutembea. Ikipita miezi kadhaa bila mnunuzi, mkopeshaji anadai kipande cha deni lenyewe, tuseme asilimia 10, halafu kingine, mpaka inafika siku deni lote linatakiwa, mteja awepo asiwepo. Mkaguzi wake huja na orodha na kuhesabu chesisi moja moja. Akikuta pikipiki imeuzwa siku nyingi na deni lake halijalipwa, duka linaweza kufungiwa mkopo wa chapa zote, pamoja na zile zinazoliweka mjini.

Chukua namba za mfano, mkopo ukiwa tayari umeanza kula riba. Bei ya kuuzia dola 9,000, bei ya kununulia 8,000. Faida ghafi 1,000. Kuitoa kwenye kreti, kuiunganisha, kuchaji betri, kuijaribu: 120. Riba ya asilimia 9 kwa mwaka ni dola 60 kila mwezi. Bima na nafasi inayokalia, weka 25. Ikiuzwa baada ya siku 45 duka linabakiwa na dola 750 hivi, na nafasi ileile inaweza kupitisha pikipiki nane kwa mwaka, yaani karibu dola 6,000. Ikikaa miezi kumi, gharama zimefika 970. Zimebaki dola 30, na hapo mteja bado hajaomba punguzo. Ataomba tu, kwa sababu toleo la mwaka mpya limeshafika na yeye anajua.

Majimbo ya kaskazini yana jambo la ziada, nalo ni majira. Isiyouzwa hadi Septemba italala hadi Machi. Theluji haisimamishi riba.

Hiyo ni hesabu ya pikipiki moja, na chapa haiji na pikipiki moja. Inakuja na mkataba: oda ya chini kwa mwaka, kibao cha nje, fundi wa kupelekwa mafunzoni, kifaa cha kusomea kontroboksi, yaani kompyuta ya injini (Piaggio, ambao Guzzi iko chini yao tangu 2004, wana mfumo wao uitwao PADS), zana maalumu, na akiba ya spea. Gharama hizo ni zilezile uuze sita au sitini. Ukiuza sita, kila moja inabeba mzigo wa kumi.

Spea ndiyo sehemu ninayoona watu wanaidharau. Duka likitaka kuhudumia V7 vizuri linahitaji filta za oili na hewa, pedi za breki, kebo, lever za klachi na breki, gasketi za vifuniko vya valvu, vioo na indiketa. Vyote hivyo kwa wateja ishirini walioko mkoa mzima, na nusu yao wanajihudumia wenyewe. Kwa hiyo spea zinalala na mtaji unalala nazo. Duka likiamua kutoweka akiba, kila lever iliyovunjika ni oda mpya, na kama haipo kwenye ghala la Marekani inasubiriwa kutoka Italia. Mteja anakaa wiki tatu bila pikipiki mwezi wa Juni, anamlaumu wa kaunta, na jirani yake aliyekuwa anaitamani Guzzi anabadili mawazo. Dereva wa bodaboda wa Dar au Kisumu anaielewa hii bila darasa. Anachukua Boxer kwa sababu hata duka la kijijini lina kebo yake.

Halafu kuna fundi. Guzzi ni rahisi kwa huduma za kawaida: silinda mbili zimechomoza pembeni, valvu zinarekebishwa kwa skrubu na nati, haina cheni, nguvu inakwenda tairi la nyuma kwa propela kama gari. Lakini klachi ya V7 ni kavu na imekaa kati ya injini na giaboksi. Kuifikia unatenganisha fremu na injini. Fundi anayeifanya mara moja kwa miaka miwili atatumia saa nyingi kuliko alizopangiwa na kiwanda, na kazi ya waranti inalipwa kwa saa za kiwanda, si alizotumia yeye. Tofauti inalipwa na duka. Fundi huyo akihama, pengine chapa imeshaondoka naye, hata kama kibao bado kinaning'inia.

Wengine wanasema wenye duka hawajui kuuza. Wapo wa hivyo, sikatai. Ila maduka yaliyouza chapa ya Buell yaliona Harley-Davidson ikitangaza kuifunga Oktoba 2009, na yaliyouza chapa ya Victory yaliona Polaris ikitangaza kuifunga Januari 2017, japo iliahidi spea kwa miaka 10. Aliyewahi kubaki na pikipiki mpya za chapa iliyokufa hana hamu ya kujaza shorumu kwa mapenzi.

Kuachana nako kuna mpango wake. Majimbo mengi yana sheria inayomtaka mwenye chapa anunue tena pikipiki mpya zisizouzwa na spea zilizo kwenye pakiti, mkataba unapovunjwa. Masharti yanatofautiana, na mara nyingi matoleo ya zamani hayamo. Ndiyo maana duka halitangazi mapema. Kwanza linaacha kuagiza, linashusha bei za mwaka uliopita, linauza ile ya kujaribia wateja, kisha linaanza kudai ulipie spea kabla haijaagizwa. Ukiona manne hayo pamoja, barua ya kuvunja mkataba imeshaandikwa.

Kwako wewe sasa. Waranti ni ya kiwanda, haifi na duka. Kinachobadilika ni kwamba kazi ya waranti itabidi ipelekwe kwa wakala mwingine aliyeidhinishwa. Chukua nakala za huduma zote kabla hawajafuta faili lako. Ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama wa barabarani ya Marekani, uone kama kuna kazi ya usalama haijafanywa, maana hiyo hufanywa bure. Waulize kama wanauza akiba ya spea kwa punguzo, na kama wanauza chukua filta, pedi, kebo ya klachi na lever za pande zote mbili. Hakikisha una funguo mbili zinazowasha, kwa kuwa zikiwa na chipu, kusajili mpya huenda kukahitaji kifaa. Kwa kusoma hitilafu mwenyewe kuna programu ya bure iitwayo GuzziDiag, inafanya kazi na kontroboksi nyingi za Magneti Marelli. Linganisha mwaka wa pikipiki yako kabla hujanunua waya wa kuiunganisha na kompyuta.

Na yule fundi wao, kama bado yupo, mwombe namba ya simu leo.