Umeniuliza nakumbuka nini Lesta

Mdogo wangu, maneno yako nimeyasoma mara mbili. Umeandika "kaka sema kweli, nyie mliokulia huko mna utoto wa kukumbuka kweli, si mnafungiwa ndani na tivii tu, jirani hamjui jirani", alafu ndo ukaja kwenye lenyewe, kwamba shemeji kapata kazi huku na mnafikiria mtoto naye aje, ana miaka saba. Nakujibu kwa urefu maana sisi tulioko huku tuna tabia mbaya, tukiulizwa tunajibu "tunamshukuru Mungu" na kutuma picha mbili tumesimama mbele ya gari ambalo hata siyo letu, basi.

Kwanza mji wenyewe. Unaandikwa Leicester lakini unasomwa Lesta, hizo herufi za katikati sijui waliziweka za nini. Si London wala si karibu na London, uko katikati ya Uingereza, hauna bahari, kwa mtoto aliyetoka Tanga barabara ya kumi na mbili hilo ndo lilikuwa la kwanza kunishangaza, nilimuuliza baba bahari iko upande gani akanionyesha mto Soar, mwembamba, maji ya rangi ya chai ya jana, nikajua nimedanganywa.

Tulifika mwezi wa kwanza 1991, mimi nina miaka saba kama huyo wako. Baba alitangulia kwenda kusoma, akamaliza akabaki, akapata kazi kiwanda cha kufuma soksi, maana Lesta enzi hizo ni mji wa soksi, sweta na viatu. Nyumba yetu ilikuwa Highfields, zile nyumba za matofali mekundu zimeungana mtaa mzima kama mabehewa, mlango unafungulia barabarani, na nyuma kuna vichochoro wenyewe wanaviita "jitty", huko ndo tulikokulia sisi. Mwezi wa pili ikaanguka theluji ya kufika magotini mwangu. Mama akatoka na kanga juu ya koti la baba, akachota bakuli zima akaliweka juu ya meza ili amuonyeshe baba akirudi shifti ya usiku. Asubuhi baba karudi kakuta bakuli la maji machafu na kipande cha jani, na mama kasimama pembeni anamwambia ilikuwa nyeupe wallahi, ilikuwa nyeupe. Baba alikuwa keshapiga winta tatu peke yake, alicheka mpaka akakaa chini na mabuti yake.

Kitu kingine ni lugha ya pale. Dereva wa basi alimwambia mama "ta, me duck" alipompa nauli, na mama Kiingereza alichokuwa nacho kilimtosha kujua duck ni bata. Hakusema kitu. Tulivyofika nyumbani akamuuliza baba, hivi mimi natembea vibaya? Kumbe pale kila mtu ni bata, mzee bata, mtoto bata, polisi anayekukamata naye anakuita bata, ni neno lao la upole tu. Mpaka leo nikisikia mtu kasema hivyo kwenye treni nageuka kumwangalia usoni, nataka kujua katoka mtaa gani.

Sasa nikwambie cha Lesta hasa ambacho sidhani ungekipata mji mwingine wowote wa Uingereza kwa kiasi kile. Wiki ya pili au ya tatu mama ananikokota dukani, mimi nalilia biskuti, mama ananigombeza kwa Kiswahili chetu cha nyumbani kwa raha zake maana anajua hakuna anayesikia. Mzee wa Kihindi nyuma ya kaunta, sweta la kahawia na miwani imefungwa kwa plasta, akasema bila hata kunyanyua kichwa, "Mama wewe wacha mtoto, mimi tapa yeye ile bure." Mama alishika kaunta. Yani mwanamke aliyekuwa hajaongea na mtu nje ya nyumba wiki tatu, anaongea na ukuta, leo ukuta umemjibu.

Yule mzee alizaliwa Jinja, Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke Uganda, na maelfu kwa maelfu wakaja Uingereza. Hapo kuna kisa ambacho kila mtu wa Lesta anakijua: halmashauri ya mji ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia jamani msije Leicester, mji umejaa, shule zimejaa, nyumba hakuna. Mzee alikuwa anasimulia huku anapima dengu, anasema ati wengine walikuwa hata hawajui kama kuna mji unaitwa hivyo mpaka walipousoma kwenye tangazo! Wakaja. Walifuatana na wa Kenya na wa kwetu Tanzania waliotangulia au waliokuja baadae, na ile barabara ya Belgrave ikawa ndo hivyo ilivyo sasa hivi, maduka ya dhahabu na sari, Diwali wanawasha taa barabara nzima mpaka unasahau uko nchi gani.

Kwahiyo mdogo wangu Kiswahili changu mimi hakikutunzwa na Waswahili, tulikuwa familia chache mno, kilitunzwa na wazee wa Kihindi wa madukani. Walikuwa wanauza muhogo wa barafu umeandikwa "mogo", karanga wanaita "jugu", na mama kila Jumamosi ana vita nao, anasema muhogo, wanasema ndiyo mama, mogo. Ilikuwa kama mchezo wao. Nazi walikuwa nayo ya kipande, ngumu kama sabuni ya mche, unakata unatia kwenye sufuria inayeyuka, mwanzoni mama aliidharau, baadae ndo ikawa nazi yenyewe, na mimi leo ukinipikia kwa nazi ya kukuna naona kama kuna kitu kimepungua. Ndo ukweli, usinicheke.

Unauliza kuhusu kucheza. Tulicheza sana tu! Mwezi wa tisa kuna miti inaangusha mbegu kubwa zinang'aa kama zimepakwa mafuta, unatoboa unatia kamba, unagonganisha na ya mwenzako mpaka moja ipasuke, vidole vinavimba na bado unarudi. Baiskeli moja watu watatu. Kwenye bustani ya Spinney Hill tulikuwa Wahindi, Wasomali, Wajamaika na wazungu wawili watatu, tunacheza mpira hadi saa tatu na nusu usiku mwezi wa sita maana jua halitaki kuzama, mama yuko mlangoni anaita na mimi namwambia kwani usiku umeingia? Hana jibu.

Jumamosi ni sokoni mjini, soko la wazi, lilikuwa na mamia ya miaka pale pale. Walikuwa wanauza matunda kwa bakuli, pauni moja bakuli, wanapiga kelele kama wapo soko la Mgandini kwetu Tanga, mama akasema haa, kumbe na wao wanauza mafungu. Baba yake Gary Lineker yule mchezaji alikuwa na meza ya matunda pale, na kila mtoto wa Lesta atakuapia kwamba mama yake alinunua machungwa kwake, nami nimeapa mara nyingi tu bila ushahidi. Mpira wenyewe ulikuwa Filbert Street, uwanja umebanwa katikati ya nyumba za watu, tiketi hatukuwa na uwezo nayo ila tulikuwa tunakwenda kusimama nje kusikiliza, unajua goli limeingia kwa mtikisiko. Uwanja ule waliuhama 2002. Mwaka 2016 timu yenyewe, Leicester City, ilivyochukua ubingwa wa Ligi Kuu, mabukimeka, wale wachezesha kamari, walikuwa wameipa elfu tano kwa moja, nilikuwa London peke yangu sebuleni na nililia, mke wangu akauliza nani kafa.

Na Ramadhani. Mwaka 1999 iliangukia Disemba. Shule inatoka saa tisa na nusu, jua linazama kabla ya saa kumi, kwahiyo ni mbio, begi linakupiga mgongoni, taa za barabarani zishawaka, unapita mtaa mzima unanuka sambusa kila mlango, na tende moja iko mfukoni endapo utachelewa. Ukifika mama kashapanga kaimati na uji wa pilipili manga, madirisha yamefanya ukungu kwa mvuke, tukawa tunaandika majina kwenye kioo kwa kidole tukisubiri adhana kutoka kwenye kile kiredio. Nimefuturu sehemu nyingi tangu hapo. Hakuna iliyofika pale.

Haya, sasa na upande wa pili maana umesema niseme kweli.

Mama alikuwa anasafisha maofisi kuanzia saa kumi na moja alfajiri na tena jioni, baba shifti ya usiku, mimi nikavalishwa ufunguo shingoni nikiwa na miaka tisa, nafungua mwenyewe, nampa yule mdogo wangu wa huku mkate na maharage ya kopo. Kuna wiki nilimuona baba Jumapili tu. Gesi ilikuwa ya kulipia kwanza kama umeme wa LUKU, ikikata usiku mnalala na makoti. Shule yangu ya kwanza waliniweka meza ya watoto wanaochelewa kuelewa, karibu mwaka mzima, kwasababu nilikuwa sijibu, na nilikuwa sijibu kwasababu kila nikifungua mdomo wanacheka lafudhi. Kuna vijana walikuwa wanatupa mayai mlangoni kwetu, mama anaosha asubuhi kabla hatujaamka ili tusijue. Tulijua, tulikuwa tunasikia brashi.

Na bibi alipofariki 1996, unakumbuka wewe ulikuwa mdogo sana. Makaratasi yetu yalikuwa bado hayajajibiwa, ukitoka nje ya nchi hurudi. Simu ilikuja alfajiri, mama akakaa kwenye ngazi, ngazi ya nne, na kitambaa cha kufutia vumbi mkononi, hakwenda kazini siku ile na hakutoka pale mpaka mchana. Jirani yetu mzee wa kizungu, ambaye tulikuwa tunasalimiana naye kwa kichwa tu, alisikia kilio ukutani, kuta zenyewe nyembamba zile. Akaja na sahani ya mikate ya duara, wao wanaiita "cob", ndani katia siagi na ham. Nguruwe! Mama akaipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akafunga mlango, akakaa tena pale pale na ile sahani mapajani. Hakuitupa mpaka usiku. Kwahiyo hilo la jirani hamjui jirani sijui nikujibu vipi, hakutujua, na alikuja.

Kiwanda cha baba kikafungwa, soksi zikawa zinatoka nchi nyingine za mishahara midogo, akawa anaendesha teksi. Huo ndo mwendo wa watu wengi pale.

Sasa kuhusu mtoto. Watu watakwambia mlete akapate elimu, maktaba bure, na ni kweli, mimi nilisoma vitabu vya maktaba mpaka yule dada wa kaunta akawa ananiwekea vipya pembeni. Ila wasichokwambia ni kwamba mtoto wa miaka saba ukimleta huku hatakuwa mtoto wa Tanga aliyeko Ulaya. Atakuwa wa huku. Utoto wake utakuwa na baridi na basi la ghorofa na harufu ya chipsi za siki, na akiwa mtu mzima atavikumbuka hivyo, siyo ufukwe wa Raskazone. Mimi mnadhani nikikaa kimya nawaza embe na bahari, na ninavyowapenda, lakini ninachokiota mara nyingi ni kile kichochoro cha nyuma kikiwa kimelowa.

Unakumbuka nilivyokuja 2004? Nikaingia jikoni kwa shangazi nikasema "mimi nataka ile mogo", nyumba nzima mkaanguka, mkaniita Mponjoro, yani Mhindi, wiki tatu. Nilicheka na nyinyi. Ila usiku nilimfikiria yule mzee wa Jinja, maana niligundua sauti iliyotoka mdomoni mwangu ni yake.

Kwahiyo simwambii shemeji amlete wala asimlete. Nasema akija, wewe njoo naye, usimtume kama mzigo, na msikae mji ambao hakuna hata duka moja la kukujibu. Duka la mzee siku hizi ni la vioo vya simu, nilipita mwezi uliopita. Yeye alishafariki.

Naishia hapa, niko jikoni, muhogo uko motoni na nishatia kile kipande cha nazi, na huyu binti yangu anakuja kila dakika mbili kuuliza "baba, mogo imeiva?" Namwambia bado.