Barua kwa mwanangu: basi ni la nani?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma, kisha nikamsomea baba yako. Unataka kujua kama ni wito wa kweli, wewe na wenzako wa ushirika kung'oa viti vya basi kuukuu, kuweka vitanda na jiko, mkaishi humo mkizunguka na kuhubiri. Wito wako siwezi kuupima. Mimi nauliza: kadi ya gari imeandikwa jina la nani?

Usicheke. Waliookoka hawagombani kwa sababu ya Mungu, wanagombana kwa sababu ya maji na pesa. Mmelisikia hilo tangu mko wadogo na mtaendelea kulisikia.

Habari za basi letu la kwaya, lile tulilolala humo tukizunguka kuimba, unazijua, na picha umeziona. Unajua pia tulivyofunga mapipa mawili ya maji nyuma kabisa, lita 200 kila moja. Maji lita moja ni kilo moja, kwa hiyo kilo 400 zilining'inia nyuma ya ekseli, mbele kukawa kwepesi, usukani ukawa haushiki, na dereva akawa anakemea mapepo kila kona. Hiyo ndiyo sehemu tunayosimulia watu wakicheka. Hii nyingine huwa naipita.

Injini ilichemsha, gasketi ikaungua. Pesa ya fundi hatukuwa nayo. Mwenzetu mmoja, yule wa sauti ya pili aliyetushonea sare, akafungua kitambaa alichofungia akiba yake ya kununua cherehani, akahesabu noti juu ya boneti, akampa fundi zote. Tukaimba. Hakuna aliyeandika popote. Baadaye mama yake akaugua, ikabidi arudi kwao, akaomba arudishiwe hata nusu. Kiongozi wetu akafungua Matendo 2, akasoma kwamba walioamini walikuwa na vitu vyote shirika, yaani mali ya wote, akafunga Biblia. Basi. Binti akashusha begi lake, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono.

Mpaka leo inanichoma. Angefungua sura ya 5 tu! Petro anamwambia wazi Anania, yule aliyeuza kiwanja akaficha sehemu ya fedha, kwamba kiwanja kabla hakijauzwa kilikuwa chake, na hata baada ya kuuzwa fedha zilikuwa katika uwezo wake. Anania alihukumiwa kwa kusema uongo, si kwa kubaki na chake. Shirika la mitume lilikuwa la hiari, na mwenye kutoa alijulikana ametoa nini.

Sasa nikisoma nilichoandika naona kama nakukataza. Sikukatazi. Jioni zile, watu wazima tumebanana kwenye vitanda vya juu na chini, mvua inapiga bati na mtu anaanzisha wimbo gizani, sijawahi kuzipata tena katika kanisa lolote lenye viti. Na hata kuachana si mwisho wa kazi. Paulo na Barnaba walishindana vikali kama wamchukue tena safarini Yohana Marko. Mmoja akaenda Kipro na Marko, mwingine Shamu na Kilikia pamoja na Sila, na baadaye Paulo huyohuyo akaagiza aletewe Marko kwa kuwa anamfaa. Lakini angalia, hao walikuwa wawili, na hawakuwa na gari la kugawana. Nyinyi mko wangapi vile?

Baba yako anasema nikukumbushe gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni, kwa hiyo tundu la kupitisha hewa liwe chini pia. Na msilale jiko likiwaka.

Anasema pia niache kuzunguka, nikujibu ndiyo au hapana. Jibu ninalo, limenijaa mdomoni, na wewe unavyonijua umeshalisikia. Ila sitaliandika. Kwanza kaeni chini muandike: nani ametoa kiasi gani, anayeondoka anapewa nini na baada ya muda gani, mfuko anashika nani na nani anaukagua. Hata mfuko wa wanafunzi wa Yesu ulikuwa kwa Yuda, mwanangu, na Injili ya Yohana inasema alikuwa akiuibia. Wote mtie sahihi, hasa huyo mwenye jina kwenye kadi. Akikataa kutia sahihi, nipigie simu siku hiyohiyo.

Mama yako