Mji Mkongwe Hautaki Haraka

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba anakwenda Zanzibar kwa mara ya kwanza, akaniuliza ataujuaje Mji Mkongwe kwa siku mbili bila kuzungushwa na papasi, wale vijana wanaowaandama wageni. Swali lake lilinigusa mahali panapouma, kwa sababu mwaka 2016 nilizungushwa vilivyo. Kijana mmoja alinidaka nilipotoka bandarini, akanipitisha Ngome Kongwe na mbele ya jumba la Beit al Ajaib mbiombio, kisha akanitia duka hili na lile, na kila muuzaji akawa anamfahamu. Nilirudi Morogoro na picha nyingi, lakini sikuwa nimezungumza na mwenyeji yeyote zaidi ya kuulizana bei. Mtanzania mzima, ninayesema lugha moja na watu wale! Hilo liliniuma kuliko fedha zilizopotea.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya mbele ya Beit al Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa, na watu wakapoteza maisha. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, nami nilikuwa nimelipita kama mtu anayewahi basi.

Mwezi uliopita nilirudi peke yangu, na safari hii ninajivunia. Baada ya sala ya alfajiri niliingia vichochoro vya Kiponda, maduka yakiwa bado yamefungwa na hakisikiki kitu ila ufagio uani na kengele ya baiskeli. Nilisimama mbele ya mlango mmoja wa kuchonga, nikaweka kiganja juu ya misumari yake ya shaba: ilikuwa ya baridi, na kuzunguka kila msumari mbao zilikuwa nyeusi kwa miaka mingi ya kupakwa mafuta. Utulivu wa namna hiyo hudumu saa moja hivi, basi uamke mapema.

Alasiri nilikwenda Jaws Corner, njiapanda inayojulikana kwa kahawa na mazungumzo ya siasa. Nilitoa salamu, nikasimama kando. Mzee mmoja akanigongea kwa kiganja baraza, benchi la mawe lililoshikana na ukuta wa nyumba: "Karibu kitako, mwanangu." Muuza kahawa akanimiminia kutoka kwenye dele kikombe kidogo cha kahawa chungu, nikakisindikiza na kashata. Mzee alinieleza kwamba masika maji yakijaa njiani, watu hupita juu ya baraza hizohizo kama daraja. Nilipomuuliza habari za Beit al Ajaib, alinyamaza kwanza, kisha akasimulia mpaka adhana ya magharibi.

Kwa hiyo ndugu yangu, keti. Vaa nguo za heshima, tangulia kusalimu, usimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa, kisha keti. Ukienda wakati wa Ramadhani, usitafute kahawa mchana. Subiri usiku baada ya tarawehe, ndipo baraza hujaa. Tunapenda kusema kwamba tumeitembelea nchi yetu, hali ya kuwa tumepita tu. Siku yako ya pili usiipangie mtaa mwingine, rudi palepale. Mimi niliporudi, yule mzee aliniona kwa mbali, akasogeza bakora yake kunipa nafasi.